Umelipa arbuni, gari limeadimika, sasa unaambiwa uongeze. Ni haki?

Mwanzisha mada: Wakuu, shemeji yangu aliandikiwa profoma (hati ya bei kabla ya kuuziwa) ya gari jipya, ziro kilomita, kwenye shorumu moja Barabara ya Nyerere. Akalipa arbuni asilimia 30, akaambiwa asubiri miezi mitatu. Nusu mwaka ikakatika ndipo wakampigia: mzigo ni mchache, dola imepanda, ongeza au chukua hela yako. Baadaye akasikia gari lilishafika, likapewa mteja mwingine aliyepanda dau.

Msimamo wangu: anayeingia shorumu leo apewe bei ya leo, hata ikiwa ya kuumiza. Aliyekwisha toa arbuni asiguswe. Arbuni inamzuia mteja kwenda kwingine; kwa nini isimfunge na muuzaji?

Kontena: Hamjawahi kuagiza mzigo nyie. Mwaka 2021 chipu za kielektroniki zinazofungwa kwenye magari ziliadimika dunia nzima, Septemba Toyota ikakata uzalishaji wake kwa asilimia 40. Wakala wa Dar anauza alichogawiwa. Na TRA hawasomi profoma yako ya zamani. Thamani ya gari inageuzwa shilingi wakati wa kutoa mzigo, ndipo unapigwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na injini, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Dola ikipanda kidogo tu, kila kodi hapo inapanda nayo.

Bajaji Poa: Chukueni mtumba wa Japani mada ifungwe 😂

Mwanzisha mada: Mtumba nao ulipanda mkuu. Mjapani asipopata gari jipya haachii la zamani.

Mzee wa Ilala: Vijana, sisi wa 1983 tunazijua bei za kupangiwa. Bei ilikuwa ya serikali, sukari ikawa ya mlango wa nyuma. Hata Japani, Land Cruiser 300 ilipotoka 2021, wateja walisainishwa ahadi ya kutoiuza kabla ya mwaka, maana wajanja walikuwa wakiyalangua nje ya nchi. Ukimkataza mwenye shorumu kuongeza, nyongeza hiyo hiyo utamlipa dalali.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee wangu. Sijaomba bei ipangwe, nimeomba ahadi iliyolipiwa itimizwe. Na Kontena, hoja ya dola naielewa, ila inakwenda upande mmoja tu. Mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika vizuri. Kuna aliyepigiwa simu akachukue chenji?

Kontena: Biashara haina chenji ya huruma bosi.

Wakili Mtaa: Msibishane hewani, someni karatasi. Nyingi zina mstari mdogo chini: "bei inaweza kubadilika bila taarifa." Hapo ndipo mteja anapoliwa. Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kupitia mikataba hii iliyochapwa tayari ambayo mlaji anasaini tu. Shemeji apeleke nakala pale. Tena tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, kwa hiyo profoma mpya ya dola aikatae mlangoni.

Mzee wa Ilala: Marahaba. Sasa hela amerudishiwa?

Mwanzisha mada: Bado, "iko kwa mhasibu." Nusu mwaka wameizungusha bila riba. Kontena, hilo nalo ni dola?