Huyu jamaa wa kiwanjani leo kanivuruga! Eti Hansbrough ni wa UMISSETA

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Mnamjua, simtaji. Yule mwenye filimbi isiyo na mechi, kocha wa dunia nzima. Leo mbele za watu, mdomo umejaa mshikaki NILIONUNUA MIMI, nimemwambia Tyler Hansbrough ni gwiji wa kikapu cha CHUO Marekani, ananijibu: "Hansbrough? Huyo wa UMISSETA tu." Yaani wa michezo ya shule za sekondari!

UMISSETA! Mtu kacheza miaka minne North Carolina, kaondoka na pointi 2,872, rekodi ya ACC, ligi ya vyuo vyao. Mchezaji bora wa vyuo Marekani 2008. Ubingwa 2009, Michigan State kapigwa 89-72, na sisi huku tumekesha mpaka alfajiri. 2007 kiwiko cha mtu wa chuo cha Duke kilimvunja pua, damu usoni kote, akarudi uwanjani na barakoa. Wewe ukikatika kucha unaomba sub! Analamba pilipili kidoleni, anasema UMISSETA, na watu wanacheka. Mshikaki wangu!

Kikaptura: Povu lote hili kwa mzungu asiyekujua? Ulimpa mmoja au miwili?

Bibi_Rebound: Jamaa ana hoja lakini. Drafti ya NBA 2009, timu zikichagua vijana wapya, Pacers walimchukua wa 13, akawa mtu wa benchi, mwishowe China.

Mwenye uzi: Nimesema CHUO. Soma. Na mshikaki ulikuwa WANGU.

Mzee_wa_Daladala: Drafti hiyohiyo Mtanzania wetu Hasheem Thabeet alitoka wa 2, timu ya Memphis. Huyo Hansbrough wenu wapi?

Kikaptura: Usianze. Wa 2, Harden wa 3, Curry wa 7. Tunyamaze tu.

Mzee_wa_Daladala: Pale chuo cha UConn Thabeet alikuwa mlinzi bora wa vyuo mara mbili. Naye wa UMISSETA?

Bibi_Rebound: Mnabishania Marekani wakati ringi yetu imelegea kama sikio la mbuzi tangu masika. Mchango tulitoa. Nani kaula?

Kikaptura: Si huyohuyo wa mshikaki.

Mzee_wa_Daladala: Heee! Mimi ana jezi yangu. Aliazima ya mechi moja, nimeiona juzi kavaa shemeji yake.

Mwenye uzi: Jamani, Hansbrough…

Bibi_Rebound: Mkuu subiri kwanza. Nani ana fundi wa kuchomelea asiye na maneno mengi? Wa kwangu kala advansi kazima simu.

Kikaptura: Njoo PM. Ila huyu naye anapenda mishkaki.