MJADALA: Wavuvi wa Kigoma wapewe taarifa tupu au washawishiwe?

Wadau, naleta hoja. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika, upande wetu, ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kuna wanaosema safari nyingine wahusika wasituhubirie: watubandikie takwimu mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kila mtu aamue mwenyewe. Wengine wanasema mwenye njaa hasomi takwimu, lazima ashawishiwe.

Mimi niko na wale wa kwanza, kwa sharti moja: taarifa iwe nzima.

Mwambie mvuvi wa Katonga kwamba samaki wamepungua kwa sababu anavua mno. Jibu analo mdomoni: "Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa, nyavu tunaanika. Mapumziko gani tena?" Hapo mahubiri yamekwisha. Na kuna jambo zito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, rutuba ya kilindini haipandi, na mavuno ya samaki yakakadiriwa kushuka kwa takribani asilimia 30. Hilo si kosa la mvuvi. Ukimficha, siku akilisikia kwingine hatakuamini tena, hata kwa lile la kweli ulilomwambia kuhusu makokoro, zile nyavu za kukokota zinazozoa hata samaki wachanga.

Mwanasaikolojia Mmarekani William McGuire alilipima jambo hili miaka ya 1960, kwa kutumia mambo ambayo watu hawajawahi kusikia yakibishiwa, kama kupiga mswaki kila baada ya mlo. Waliosomewa faida tupu waliyumba upesi walipopingwa. Walioonyeshwa mapema hoja za upinzani pamoja na majibu yake walisimama imara zaidi.

Najua mtaniletea ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 1979: wanaounga mkono adhabu ya kifo na wanaoipinga walisoma matokeo yaleyale, kila upande ukazidi kushikilia lake. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana nasema taarifa ije mapema, watu hawajagawanyika. Wiki ya kufunga ziwa, mwenye mtumbwi ameshakopa hela ya mafuta na anadaiwa; hapo kila namba anaisoma kwa jicho la deni.

Wenye mitumbwi, na akina mama mnaoanika dagaa Kibirizi: mngetaka kujua nini kwanza, kabla mtu hajawaambia cha kufanya?