Viwanja vikubwa vya Oysterbay na maghorofa yanayoingia

Mwuliza swali: Habari za jioni, wakubwa. Ninaishi na mama yangu mkubwa Oysterbay, Dar es Salaam, karibu na Barabara ya Haile Selassie, katika nyumba ya zamani yenye paa la vigae, baraza pana na mwembe mkubwa uani. Nyumba ya jirani, iliyofanana kabisa na hii, imevunjwa, na msimamizi wa ujenzi anatuambia kwamba litapanda ghorofa la sakafu saba. Je, viwanja hivi vilipimwa vikubwa namna hii kwa sababu gani, na jirani ana nafasi ya kuhoji?

Mzee wa Kariakoo: Waingereza waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ikapewa upepo wa bahari na nyumba moja moja katikati ya bustani, sisi tukabanana Kariakoo. Baada ya Uhuru wakaingia vigogo wa serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya nyumba za serikali zikauzwa kwa watumishi. Nyumba zetu za Kiswahili zilipovunjwa kupisha maghorofa, sikumbuki Oysterbay wakituletea rambirambi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, wakae wapi?

Mkazi wa Bonde la Mpunga: Mzee, shikamoo. Hoja yako ninaikubali, lakini mimi siogopi ghorofa, naogopa ua uliosakafiwa wote, kwa sababu bustani ndiyo iliyokuwa ikinywa maji ya mvua. Masika moja, baada ya viwanja vya juu yetu kujazwa vitofali vya saruji, nilipandisha godoro mezani saa nane usiku, na harufu ya maji yale ilinijulisha kwamba shimo la majitaka la mtu lilikuwa limefurika. Ndugu mwuliza swali, nenda idara ya mipango miji, Manispaa ya Kinondoni, ukiwa na namba ya kitalu na ya kiwanja, uulize kama matumizi ya ardhi yamebadilishwa kwa kibali. Urefu wa jengo usikupotezee muda. Uliza maji yatatiririkia wapi.

Mwuliza swali: Nashukuruni sana. Jumatatu nitakwenda. Leo nimechungulia ukutani: msingi wao umechimbwa hadi mpakani, na mizizi ya mwembe wetu imekatwa upande mzima.