Wenye mabinti wadogo, tupeane uzoefu (kina baba msijifiche)

Baba Chekechea
Wakuu, heshima kwenu. Nina binti wa miaka minne. Mama yake yuko safarini kikazi, kichwa cha mtoto kimesimama kila upande, na mimi niliyekulia kwenye nyumba ya wavulana watupu sijui hata pa kuanzia. Jana kanitazama ninavyohangaika na chanuo, akaniambia, "Baba, acha tu, nitamsubiri mama." Na kuna watu waliniapia kwamba mtoto wa kike ametulia! Huyu anauliza maswali tangu anapofumbua macho, na ukimjibu "ndivyo ilivyo" anakuuliza nani kasema. Kwenu nyie, kipi kiliwatoa jasho zaidi? Nipeni mlichokiona wenyewe.

Mama Pacha
Nywele zilowanishe, paka mafuta, gawa mafungu, kisha anza kuchana nchani ukipanda kuelekea kichwani. Ukianzia juu unayasukuma mafundo yote chini, atalia na atakuchukia wewe na chanuo. Halafu usibane. Mtoto akisukwa mpaka nyusi zinapanda, huko ni kumng'oa nywele za mbele taratibu. Nimeona wasichana wadogo kabisa kingo zimeshaisha.

Fundi Mstaafu
Nyoa zote. Kesi imefungwa.

Mama Pacha
Ndiyo maana walikustaafisha.

Baba wa Watatu
Nywele cha mtoto, mkuu. Wa pili wangu akiwa na miaka miwili, mjomba wake alimshika viganja akawa anamzungusha hewani, wote wanacheka. Ghafla kilio. Baadaye akanyamaza, ila mkono kaubana tumboni, hataki uguswe, wala hakuna uvimbe. Shangazi mtu akasema anadeka. Hospitali daktari akaushika mkono, akauzungusha na kuukunja mara moja, pakalia "ko", na haukupita muda mtoto akanyoosha mkono uleule kudai peremende. Tukaelezwa kwamba umri ule kiwiko bado kimelegea, ukimvuta kwa kiganja mfupa unachomoka kidogo. Mtoto anainuliwa kwa kushikwa makwapani. Msijaribu kuurudisha wenyewe. Mjomba siku hizi anasalimia kwa mbali.

Mama wa Usiku
Nilikuwa napita tu kusoma, lakini hiyo ya mkono imenikumbusha usiku ambao huwa siuongelei. Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu. Alishinda na homa kidogo, anacheza, kala, kalala. Usiku wa manane nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Nikajua anaota. Kuwasha taa, macho yamepanda juu, yamebaki meupe, meno yamekazana, mikono na miguu inarusharusha, povu pembeni ya mdomo. Namwita jina, hayupo. Baba yake akasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, haelewi akivae au akitupe. Jirani akaja mbio na kijiko, anataka kumpanua meno. Sijui nguvu nilizitoa wapi, nilimsukuma yule mama mpaka akaangukia kabati. Kile kitu hakikuchukua hata dakika tatu, mimi naapa kilikuwa usiku mzima. Kilipoisha akawa mlegevu, anakoroma, mimi naweka sikio kifuani kwake kila baada ya hatua mbili njia nzima. Hospitalini wakasema degedege la homa, na homa ilitokana na sikio. Asubuhi alipoamka cha kwanza kuulizia ni mdoli wake. Mimi nililia siku nzima.

Kimya Kingi
Hata kwangu ilitokea. Nimesoma mikono inatetemeka.

Bibi Mkubwa
Pole mwanangu, lakini jirani umemwonea. Kijiko kinazuia mtoto asijing'ate ulimi. Sisi tumelea hivyo na watoto wakakua.

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, kijiko hapana. Kinavunja meno, na jino likiingia kwenye njia ya hewa ndipo msiba unapoanzia. Ulimi ukijeruhiwa utapona. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya karibu, legezeni nguo ya shingoni, tazameni saa. Msimshike kwa nguvu, msimwagie maji baridi, msimpe dawa ya kunywa mpaka azinduke kabisa. Ikipita dakika 5, au inarudi tena, au hapumui vizuri, mbio hospitali. Hata ikikoma yenyewe, mara ya kwanza lazima aonwe, maana homa ina chanzo chake: malaria, sikio, hata uti wa mgongo. Degedege la homa huwapata wa miezi 6 hadi miaka 5, na wengi hukua bila athari yoyote. Karibu mmoja kati ya watatu humrudia.

Bibi Mkubwa
Marahaba. Siku hizi kila tulichofanya sisi ni sumu.

Fundi Mstaafu
Bibi, hicho kijiko tulie chakula.

Mama Pacha
Fundi, kuna mambo hayataniwi.

Baba Chekechea
Jamani, niliuliza nywele, sasa sitalala.

Baba Peke Yangu
Nalea mwenyewe. Kilichonitisha mimi ni binti kulia akikojoa. Nikajua figo zimekufa. Kumbe ni sabuni ya manukato niliyokuwa namjazia kwenye beseni, ngozi ya pale ni laini mno. Tulipimwa mkojo, ukawa safi. Maji matupu yanatosha, na afundishwe kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Jingine: wageni hatumlazimishi kukumbatia wala kubusu. Akipenda kupunga mkono, anapunga.

Baba wa Watatu
Hapo kwenye wageni unalea mtoto asiye na adabu, ndugu yangu.

Baba Peke Yangu
Salamu anatoa. Mwili ni wake. Nikimzoesha kwamba mkubwa akitaka ni lazima, siku mkubwa huyo akiwa na nia mbaya atakataa kwa mdomo gani?

Baba wa Watatu
Kwa hiyo hata bibi yake aombe ruhusa?

Bibi Mkubwa
Mimi huwa naomba. Wakinikatalia nasubiri, wanakuja wenyewe.

Mama Kimbelembele
Samahani nawakatisha. Wangu ana miaka saba kasoro, ameanza kuota matiti. Mwenzangu anasema ni unene tu. Nani amepitia?

Kimya Kingi
Wa dada yangu. Mpeleke.

Muuguzi wa Zamu
Kabla ya kutimiza miaka 8 inafaa aonwe na daktari. Mara nyingi si jambo la kutisha, ila lipimwe. Angalia kama amerefuka ghafla, na kama nywele za kwapani zimeanza. Na usimkague mbele ya kaka zake.