Kuuza simu iliyotumika Malindi: dukani, kwa mtu, au mtandaoni?

Mwana_Barani: Salaam alaikum. Nina simu ya Android, hifadhi GB 128, kioo kizima, boksi na risiti ninazo. Duka moja hapa mjini limenitajia bei, nikachukua simu yangu nikatoka bila kujibu. Nirudi kwa mwenye duka, nitafute mtu, au nitangaze mtandaoni?

Fundi_Langoni: Ndugu, mwenye duka lazima akushushe. Betri ikifa wiki ijayo hasara ni yake, na bado ataka faida. Lakini unalipwa pale pale na hakuna wa kuja kukugongea mlango. Kama karo inakusukuma, mwachie. Vyovyote utakavyouza, ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio, ndipo ufomati. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifomatiwa kwa vitufe bila kuondoa akaunti, huwaka na kudai akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Huku Lamu naletewa sana hizo: aliyeuza yuko Mombasa, hapokei simu. iPhone nazo zina kufuli kama hilo tangu iOS 7, mwaka 2013.

Dada_Maweni: Mtandaoni bei ni nzuri kwa maneno tu. Wa "bei ya mwisho?" ni wengi, wa kuja na pesa wachache. Akija, mkutane mchana penye watu, na usiamini ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake. Angalia salio lako mwenyewe la M-Pesa.

Kijana_Watamu: Na salio likisoma, bado. Aliyekulipa anaweza kutuma ujumbe kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, akidai amekosea namba, pesa zikazuiliwa. Nendeni wote kwa wakala, uzitoe hapo hapo, ndipo umpe simu.

Dada_Maweni: Hilo kweli. Ndiyo maana mie nampa mtu ninayemjua, hata akipunguza kidogo.

Kijana_Watamu: Unayemjua naye hulipa nusu, nusu ya pili mwisho wa mwezi usiofika 😂

Mwalimu_Kompyuta: Kwa yeyote yule, andikianeni karatasi: majina, namba za vitambulisho, tarehe, na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Simu hiyo ikitumiwa kwa uhalifu kesho, utakuwa na cha kuonyesha. Bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15, ulinganishe na za kwenye boksi. Tarakimu ya mwisho si ya kubahatisha. Hupatikana kwa hesabu kutokana na zile 14. Ni kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyeiombea hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1954, na kadi za benki huitumia vilevile. Ukikosea kunakili tarakimu moja tu, hesabu inakataa.

Mwana_Barani: Shukrani, mwalimu. Kuna jirani ya shangazi anaitaka kwa bei inayozidi ile ya duka, pesa taslimu. Karatasi tutaandikiana. Ila chaji inashika kwa kuinamisha waya.

Fundi_Langoni: Mwambie mapema, asije akakulaumu. Kwanza izime, uchokoe lile shimo taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Mara nyingi ni pamba za mfukoni. Ukiona kijani ndani, hiyo ni kutu ya chumvi ya bahari, mpelekee fundi abadilishe sehemu hiyo ya chaji. Na kabla ya kufomati, hifadhi mazungumzo ya WhatsApp, kisha utoe laini na memori kadi.