Mrejesho: Balbu za LED za dashibodi ya Land Rover

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza ni balbu zipi za LED zitakazofaa dashibodi ya Land Rover Defender yangu ya zamani. Nilizichomoa kwanza zile za awali nikaenda nazo dukani, kwani nilikuta zina ukubwa tofauti, yaani T5 na T10. LED mbili kati ya zile mpya hazikuwaka hadi nilipozigeuza, kwa kuwa LED, tofauti na balbu ya kawaida, huchagua upande wa chanya na wa hasi. Nilichukua za rangi nyeupe, kwani ile ya buluu, nakiri, iliniumiza macho usiku. Taa ya onyo la chaji nimeiachia balbu yake ya zamani, kwa sababu mkondo unaopita humo ndio unaoiamsha altaneta (mashine inayochaji betri), na LED hupitisha mkondo mdogo mno.