Naomba ushauri: binti yangu na kifaa cha kuzuia mgongo kupinda
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Binti yangu wa miaka 12 ana skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda kuelekea upande, na picha ya eksirei imeonyesha kuwa uti wake umepinda kwa nyuzi 32. Daktari wa mifupa ameagiza avae kifaa cha plastiki kinachobana kiwiliwili, angalau saa 18 kwa siku hadi atakapoacha kurefuka, ili mgongo usizidi kupinda hadi kuhitaji upasuaji. Huvaa fulana laini ndani, lakini ngozi ya nyongani hubaki nyekundu jioni, na shuleni hukivua kwa siri kwa kuogopa kutazamwa, jambo linaloniumiza zaidi. Kwa mliowahi kukivaa utotoni, au mnaolea mtoto wa namna hii, mliilindaje ngozi, na ni maneno gani yaliwasaidia kukubali kukivaa mbele ya wenzenu?